Mkulima Katika "Mengineyo"

Wiki chache zilizopita, katika semina ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, binti mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Tulikuwa tukijadili namna sera za kilimo zinavyotungwa hapa nchini. Akasema: "Dokta, kila waraka wa sera tunaousoma umeandika kwamba wadau walishirikishwa. Hao wadau ni akina nani, na walisema nini?"

Darasa likacheka, kwa kuwa swali lilionekana jepesi. Mimi sikucheka. Yako mambo yaliyosemwa na wadau katika kikao kimoja ambayo nayafahamu vizuri sana, kwa sababu katibu wa kikao hicho nilikuwa mimi, na ni mimi niliyeamua yapi yaandikwe na yapi yaachwe. Nilimwambia binti yule kwamba nitamjibu kwa maandishi. Makala haya ndiyo jibu lake, na kwa kiasi fulani ni ungamo langu.

Mwanzoni mwa 2017 bei ya mahindi na ya unga ilikuwa juu. Mvua za vuli zilikuwa haba katika mikoa mingi, na magazeti yalijaa mabishano juu ya kama nchi ina njaa au haina. Nilialikwa na taasisi moja kuwasilisha mada kuhusu usalama wa chakula, kisha niandae muhtasari wa kikao utakaopelekwa ngazi za juu. Mada yangu ilikuwa na kurasa 12, majedwali na michoro. Ilihitimisha kwamba Serikali ina haki, na pengine wajibu, wa kuzuia mahindi yasivuke mpaka pale akiba ya ndani inapokuwa na mashaka. Nilipigiwa makofi. Bado naamini sehemu ya hoja ile, kwani hakuna serikali inayoweza kukaa kimya ilhali mwananchi wake wa mjini anashindwa kununua kilo moja ya unga.

Ukumbini tulikuwa watu wapatao 60: maofisa, watafiti, wafanyabiashara wa nafaka, wenye vinu, wawakilishi wa wafadhili. Wakulima walikuwa wawili. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo kutoka kikundi cha wakulima wa Nyanda za Juu Kusini. Alipewa nafasi ya kuzungumza saa tisa alasiri, tumekwisha kula, mgeni rasmi amekwisha kuondoka, na baadhi yetu tumeanza kuulizana juu ya karatasi ya posho. Mwenyekiti akamwambia ana dakika 5. Alisimama, akashika kiti kilichokuwa mbele yake, akasema maneno ambayo niliyanukuu katika daftari langu:

"Ndugu mwenyekiti, mimi sina karatasi, nina swali. Mkifunga mpaka, bei ya mahindi yangu itashuka. Hilo mnalijua, na ndilo mnalolitaka. Sasa mbolea niliyonunua kwa bei ya soko la dunia, nani atanifidia? Mnafunga bei ninayouzia, mnaacha wazi bei ninayonunulia. Kama mnataka niwalishe watu wa mjini kwa bei ya chini, sikatai, ni watoto wetu. Lakini semeni nani analipa. Na kama ni lazima kufunga, tuambieni kabla hatujapanda, msituambie tukiwa tunavuna."

Akaketi. Mwenyekiti akamshukuru kwa "mchango wake mzuri", na kikao kikaahirishwa.

Ndugu msomaji, katika dakika zile chache mama yule alikuwa ameeleza mambo ambayo mimi niliyaeleza vibaya katika kurasa 12. Alionesha kwamba zuio la mauzo ya nje ni kodi isiyo na jina, inayotozwa upande mmoja ili kuupunguzia gharama upande mwingine. Alionesha umuhimu wa kalenda ya sera kufuata kalenda ya shamba. Alionesha pia kwamba hapingi lengo la Taifa, bali anauliza mgawanyo wa mzigo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeniletea hoja hiyo ningempa alama ya juu kabisa.

Jioni ile hotelini niliandika muhtasari. Ulikuwa na kurasa 9. Maneno ya mama yule niliyafupisha kuwa sentensi moja: "Wakulima walisisitiza umuhimu wa upatikanaji wa pembejeo kwa bei nafuu." Nikaiweka katika kipengele cha mwisho, kile tunachokiita "Mengineyo".

Sikufanya hivyo kwa nia mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Sikushinikizwa na mtu yeyote. Niliandika hivyo kwa sababu nilikuwa nimezoea kusikia kwamba mkulima akizungumza analalamikia pembejeo. Aliposema jambo jingine, sikio langu liliyageuza maneno yake yakawa yale niliyoyazoea.

Juni 2017 Serikali ilitangaza zuio la kuuza mahindi nje ya nchi. Sidai kwamba muhtasari wangu ndio uliozaa uamuzi huo. Mimi si mkubwa kiasi hicho, na mazuio ya aina hiyo yamekuwapo mara nyingi kabla yangu. Lakini Juni ndio mwezi ambao Ruvuma, Rukwa, Njombe na Mbeya wanavuna au wanajiandaa kuvuna. Mwaka huohuo majirani zetu wa Kenya walikuwa wakila mahindi yaliyovuka bahari kutoka Mexico.

Mimi ni mtoto wa Songea. Baba yangu analima mahindi upande wa Peramiho, ekari nne, na amekuwa akilima tangu kabla sijazaliwa. Desemba 2017 nilikwenda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Nilikuta sebule ina magunia. Niliingia chumba nilicholala utotoni, nacho kina magunia. Baba alikuwa amevuna magunia 60. Alitenga 15 ya chakula, mbegu na misiba, akabaki na 45 ya kuuza. Mwanzoni mwa mwaka gunia la kilo 100 lilikuwa limefika shilingi 85,000 pale kijijini. Desemba wanunuzi wachache waliopita walikuwa wakitoa 30,000, tena kwa kujivuta, na wengine wakitaka gunia la lumbesa. Sikuhitaji kikokotoo. Tofauti ilikuwa shilingi 2,475,000, kwa mzee mmoja, kwa msimu mmoja. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia alikuwa ameinunua kwa mkopo.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa akisomea uuguzi. Ada yake niliilipa mimi. Jirani yetu wa upande wa juu, mwenye ekari kama za baba na binti aliyekuwa kidato cha tano katika shule ya binafsi, hakuwa na mtoto mhadhiri wa chuo kikuu. Binti yule alirudi nyumbani Januari, na hakuendelea.

Usiku ule nilimweleza baba juu ya kikao, mada yangu, na mama aliyesimama saa tisa alasiri. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea anikaripie au anifariji. Akauliza tu: "Kwani huyo mama alisemaje?" Nikayarudia maneno yale kama nilivyoyanukuu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Alisema vizuri. Ungemwandika."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari swali moja. Kwa nini mama yule alihitaji mimi nimwandike? Kwa nini hoja nzito kama ile ilitegemea hisani ya katibu mmoja aliyechoka? Jibu langu ni kwamba hakuwa ukumbini kama mwakilishi wa nguvu. Alikuwa mwalikwa. Anayealikwa hupewa dakika 5. Mwenye nguvu husubiriwa. Nguvu ya mkulima mdogo haiwezi kutoka katika ekari zake nne. Inaweza kutoka tu katika chama kinachomuunganisha na mamilioni ya wenye ekari nne.

Historia yetu inathibitisha hilo, na inathibitisha pia jinsi nguvu hiyo inavyoogopwa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao 1925, na 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walijenga Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye akawa waziri katika serikali ya Uhuru. Vyama hivi viliuza mazao, vilisomesha watoto, na viliisaidia TANU kupata mizizi vijijini. Mkoloni alilazimika kuzungumza navyo kwa sababu vilishika zao.

Kwetu Songea tulikuwa na Litowa. Baba alikuwa kijana wakati ule na alikwenda mara kadhaa kumtembelea mjomba wake. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa Kiingereza kama RDA na kuongozwa na akina Ntimbanjayo Millinga, kiliunganisha vijiji vipatavyo 17 vilivyoamua vyenyewe kulima na kugawana kwa pamoja. Kilikuwa na shule yake, kinu chake cha kusaga na mashine ya kupasua mbao. Mwalimu Nyerere alikipenda, na wengi wanakiona kuwa miongoni mwa mifano iliyokuwa akilini mwake alipoandika juu ya ujamaa vijijini 1967. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Kosa lake halikuwa kupinga ujamaa, kwani ndicho kilichokuwa kikiutekeleza kwa hiari. Kosa lake lilikuwa kwamba uamuzi ulitoka kijijini kwenda juu, wakati viongozi wa mkoa na chama walizoea uamuzi utoke juu kwenda kijijini. Miaka saba baadaye, 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa nchi nzima, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Viliporudishwa kwa sheria ya 1982, vilirudi vikiwa vimelelewa na chama na dola, na wakulima wengi hawakuviona tena kuwa vyao.

Ni muhimu kuikumbuka historia hiyo kabla hatujailaumu hali ya sasa. Mara nyingi nasikia maofisa wakisema kwamba wakulima wetu "hawana mwamko wa kujiunga". Walikuwa nao. Walijiunga, na walichojenga kikavunjwa juu ya vichwa vyao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka 1993, soko huria limekwisha kuingia na mamlaka nyingi za mazao zikipoteza nguvu, wakulima wachache waliokutana Morogoro, wakisaidiwa na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walianzisha Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA. Wito wao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kwa muda mrefu niliuchukulia wito huo kama maneno ya fulana. Baada ya Desemba ile nimeuelewa kama hoja ya kisayansi: mtu mwingine yeyote anayemtetea mkulima, hata awe na nia njema na shahada ya uzamivu, atamtafsiri, na katika kutafsiri atapoteza kitu.

Je, chama cha kitaifa cha wakulima kina nafasi gani hasa katika sera? Naona nafasi tatu.

Ya kwanza ni maarifa. Sera hutungwa kwa wastani, ilhali mkulima hulima mahali. Chama chenye vikundi kuanzia kijijini hadi taifa kinaweza kusema mapema kwamba mbolea ya ruzuku imefika baada ya mvua, au kwamba kituo cha kuichukua kiko kilomita 30 kutoka kwa mwenye mifuko miwili tu. Taarifa hiyo haipatikani katika majedwali yangu.

Ya pili ni utekelezaji. Chukua lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na kila kiongozi aliyewahi kupanda jukwaani ameilaani lumbesa. Lakini lumbesa haiishi kwa tamko. Inaishi mahali ambapo wakulima wana soko lao lenye mzani, wanakokubaliana kwamba hakuna atakayeuza nje ya mzani huo. MVIWATA walishiriki kujenga masoko ya aina hiyo, kama Nyandira na Tawa mkoani Morogoro na Kibaigwa mkoani Dodoma. Pale kanuni inapata mikono. Penye mkulima mmoja mmoja njiani na dalali, sheria hubaki kwenye gazeti la Serikali.

Ya tatu, nayo ndiyo ngumu zaidi, ni mapatano. Sera ni kugawana gharama na faida. Mwaka 2017, katika bajeti ileile ya mwaka wa zuio, ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Wakulima walikuwa wameulalamikia ushuru huo kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwaka huohuo mkulima wa mahindi alipunguziwa ushuru kwa mkono mmoja na kupunguziwa bei kwa mkono wa pili. Chama chenye nguvu ya mapatano kingeziweka hesabu hizo mbili juu ya meza moja na kuuliza, kama alivyouliza mama yule, nani analipa.

Tukitaka mfano wa mapatano ya kweli, tutazame Senegal. Mwaka uleule wa 1993 MVIWATA ilipozaliwa, wakulima, wafugaji na wavuvi wa Senegal waliunda baraza lao la kitaifa, CNCR, ambalo Mamadou Cissokho alikuwa mmoja wa nguzo zake. Serikali ya nchi hiyo ilipoleta rasimu ya sheria kuu ya kilimo mwanzoni mwa miaka ya 2000, baraza hilo halikusubiri kualikwa katika ukumbi wa hoteli. Liliendesha mijadala vijijini, likakusanya maoni, likarudi na mapendekezo yake lenyewe yaliyoandikwa. Sheria iliyopitishwa 2004 iliutambua ukulima wa familia kuwa msingi wa kilimo cha nchi na kuweka suala la hifadhi ya jamii kwa mkulima. Hawakupata yote. Suala la ardhi liliahirishwa, na utekelezaji umesuasua. Lakini hakuna katibu aliyeweza kuwaweka kwenye "Mengineyo", kwa kuwa walikuja na waraka wao.

Linganisha na kwetu. Kilimo Kwanza ilipozinduliwa 2009 na nguzo zake 10, mchakato wake ulipitia zaidi katika Baraza la Taifa la Biashara. Si dhambi kwa wafanyabiashara kuwa na baraza. Wana haki hiyo, na wanaitumia vizuri. Jambo la kujiuliza ni iwapo mkulima mdogo ana chombo chenye mlango kama ule, unaomfikisha mezani kabla maneno hayajaandikwa. Robo hivi ya pato la Taifa hutoka katika kilimo, na Watanzania wengi zaidi wanakitegemea kuliko sekta nyingine yoyote. Idadi hiyo ingekuwa na sauti moja, isingekaa mkiani mwa ratiba.

Wapo watakaonijibu kwamba mambo yamebadilika. Ni kweli, na haki ni kuyasema. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na 2024/25 ikavuka trilioni moja. Ruzuku ya mbolea ilirejeshwa. Hata hivyo, fedha hizo bado ziko mbali na asilimia 10 ya bajeti ambayo viongozi wa Afrika waliiahidi Maputo 2003 na kuirudia Malabo 2014. Zaidi ya hapo, kilichotolewa kwa hisani ya mwaka huu kinaweza kuondolewa kwa dharura ya mwaka ujao. Mkulima asiye na chama hupokea sera kama anavyopokea mvua: ikija anashukuru, isipokuja anasubiri.

Sitaki kuvipamba vyama vya wakulima. Vina maradhi yake, na wanaharakati mnaonisoma mnayajua kuliko mimi. Chama kinachoendeshwa kwa fedha za wafadhili kwa sehemu kubwa hujikuta kikiandika taarifa nyingi kwa mfadhili kuliko kwa mwanachama. Ajenda hubadilika kila mradi unapokwisha: leo mnyororo wa thamani, kesho mabadiliko ya tabianchi, keshokutwa vijana. Viongozi huweza kukaa madarakani hadi wakasahau jembe. Wanawake, ambao ndio wanaopalilia, huandikwa katika rejesta ya mahudhurio huku wanaume wakiandikwa katika orodha ya wasemaji. Na kuna hatari ya kinyume: chama kuwa karibu mno na Serikali, kikageuka kipaza sauti cha matamko ya waziri. Ushirika wetu ulikwisha kupita njia hiyo.

Dawa ya maradhi hayo ni ada ya mwanachama, hata iwe ndogo. Mwenye kulipa shilingi 5,000 kwa mwaka ana haki ya kuuliza fedha yake imefanya nini. Mwenye kulipwa nauli na posho ili ahudhurie hana haki hiyo, au anaona haya kuidai. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa kikundi kimoja wilayani ambako mweka hazina alisimamishwa saa nzima akieleza upungufu wa shilingi 14,000. Wageni tuliona wanapoteza muda. Siku hizi naona ndiyo ilikuwa ajenda muhimu kuliko zote.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ambao wengi wenu mlipita katika madarasa yetu, nina maombi matatu ya kawaida kabisa, yasiyohitaji sheria mpya. Rasimu ya sera ipelekwe kwa chama cha wakulima walau miezi miwili kabla ya kikao, si siku mbili, ili ishuke hadi vijijini na irudi. Iwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Haiingii akilini rasimu ya sera ya mahindi iandikwe kwa lugha ambayo wanaolima mahindi hawaijui, kisha tuwashangae kuwa kimya. Na kila waraka wa mwisho uwe na jedwali linaloonesha chama kilipendekeza nini, kipi kilikubaliwa, kipi kilikataliwa na kwa nini. Kukataliwa si tatizo. Serikali inao watu wengine wa kuwasikiliza, wakiwamo wale wa mjini wanaonunua unga kwa kilo. Tatizo ni kukataliwa bila kuandikwa.

Kwa wanafunzi wangu nina onyo. Wengi wenu mtakuwa makatibu wa vikao. Mtaona ni kazi ndogo, ya kupewa vijana. Si ndogo. Waziri hatasoma kilichosemwa, atasoma ulichoandika. Katika safari ya maneno kutoka mdomoni mwa mkulima hadi mezani pa waziri, kuna mtu mmoja hotelini mwenye kompyuta na usingizi. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Nilijaribu baadaye kurekebisha. Nilipowaandikia waliokuwa wameniita kwamba muhtasari una upungufu, niliambiwa kwa upole kwamba kumbukumbu zimekwisha kufungwa. Mama yule sikumwona tena. Sikuwa nimeandika jina lake. Katika orodha ya mahudhurio alisaini kwa alama ambayo sikuweza kuisoma, na mbele yake, katika safu ya taasisi, mtu alikuwa amemwandikia "Mkulima".

Baba bado analima, ingawa sasa ni ekari mbili. Miaka miwili iliyopita alijiunga na kikundi cha wakulima cha kijiji, na ananipigia simu kunieleza mabishano yao kuhusu ghala. Juzi aliniuliza kama siku hizi bado naandika vikao. Nilimjibu kwamba naandika mara mojamoja, na kwamba ninanukuu. Akasema, "Haya."

Ama wewe binti uliyeuliza swali: njoo ofisini wiki ijayo. Nitakupa nakala ya muhtasari ule wa kurasa 9, na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari langu la 2017. Visome vyote viwili, uvilinganishe, kisha uniambie wadau walikuwa akina nani na walisema nini. Ukitaka, ifanye kuwa tasnifu yako.